Ng'ombe wa Udongo wa Mzee Maregesi

Niwataje kwanza waliokuwepo siku ile ninayoikumbuka, maana mtu asipotajwa na maneno yake yanapotea. Alikuwepo baba yangu, Mafuru, anasuka kamba. Alikuwepo mama, Nyanjura, mfinyanzi ambaye hata watu wa Bunda walikuwa wanafuata vyungu vyake. Alikuwepo Sabina, binti wa baba mkubwa, rika langu na msumbufu wangu. Halafu akaja Mzee Maregesi, rafiki wa marehemu babu yangu, kwa hiyo na yeye nilimwita babu. Mimi ni Nyangeta, wakati huo msichana tu, nimeishia darasa la nne. Kwetu ni Butiama, upande wa kuteremkia mtoni.

Mwanangu, wewe uliyeacha sanamu zako ndogo mezani, nusu zina rangi nusu hazina, kaa nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya shida. Duka la kijiji lilibaki na rafu na mwuzaji. Sabuni foleni, sukari foleni, nguo ndiyo usiseme. Katikati ya shida hiyo katekista wetu, Petro Masatu, akataka kigango chetu, kanisa letu dogo la kijiji, kiwe na pango lake la Noeli lenye sanamu, tusiendelee kusikia habari za mapango ya wenzetu. Alikuwa ameona wanyama wadogo niliofinyangia watoto, wa kukaa kiganjani. Akaniomba nifinyange Maria, Yosefu, Mtoto, wachungaji, na ng'ombe wengi.

"Wengi wa nini, mwalimu?" nikamwuliza.

"Watu wa hapa wakute zizi la ng'ombe mmoja? Wataacha kusali, waanze kuuliza wengine wameibiwa lini."

Kufinyanga nilifinyanga kwa furaha, mama akanichomea. Kazi ikawa rangi. Mjomba wangu Majura alikuwaga fundi wa kupaka mitumbwi kule Musoma, akanitumia mabaki kwenye makopo ya maziwa: nyekundu ya kutosha, nyeupe kidogo, buluu imekaa chini tu. Nyeusi nilisaga mkaa. Brashi ilikuwa manyoya ya mkia wa mbuzi niliyofunga kwenye kijiti.

Nikaanza na vile vitamu kupaka. Maria nilimpaka siku nzima, nikamvika buluu mpaka unaona mikunjo ya kitambaa. Nilikuwa namshika namgeuza, namwonyesha kila anayepita. Yosefu, Mtoto, wachungaji, wote wakaisha. Halafu nikageuka nikawaona ng'ombe kwenye ungo, wamepangana, wananitazama na udongo wao. Nikaanza kuwapaka nyekundu. Mmoja, mwingine, mwingine, wote sawa kama matofali. Mkono ukawa mzito. Nikasema nitaendelea kesho. Kesho yake nikaenda kuteka maji mara ambazo hakuna aliyenituma. Mwishowe ungo ukaingia chini ya kitanda.

Sabina hakuniacha. "Kazi za Nyangeta zinazaliwaga tu," akasema, "hazikui."

Na alikuwa na haki, maana kushona nilianza nikaacha, mikeka nilianza nikaacha. Baba alikuwa ameshachoka. Akaniita, akasema taratibu, na yeye akisema taratibu ujue amekwisha kuamua: "Mama, hii nayo ukiiacha njiani, Noeli ikipita unakwenda Bugwema kwa shangazi yako kulima pamba. Pamba haitaki moyo, inataka mgongo."

Shangazi yangu nilimpenda. Lakini kwenda vile, natumwa kwa sababu sifai kingine, hapana. Basi nikautoa ungo, nikakaa nao nje, na bado mkono haukutaka. Nilikuwa naogopa na sifanyi kitu. Hofu inakukalisha palepale, mwanangu, haikusukumi.

Ndipo Mzee Maregesi akaingia uani. Mwaka ule wezi walikuwa wameswaga ng'ombe wake wote, zizi zima, asubuhi akakuta alama za kwato tu kwenye tope. Tangu siku hiyo alikuwa hasemi sana, na kanisani hakuonekana. Akasalimiana na baba, akaja kuinama kwenye ungo wangu. Akaokota ng'ombe mwekundu, akamgeuzageuza.

"Huyu nani?"

"Ng'ombe, babu."

"Macho ninayo. Nimekuuliza nani."

"Ni ng'ombe tu."

"Ng'ombe tu hajawahi kuzaliwa," akasema. "Ndiyo maana umechoka. Hata mimi ningekuwa nachunga ng'ombe tu, ningelala nyumbani."

Sabina akacheka. Mzee hakucheka. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akachagua dume mmoja mnene. "Huyu mfanye Padre."

"Padre gani, babu?"

"Dume langu. Mweusi wote, shingoni ana kola nyeupe. Alikuwa akikutazama unajikuta unataka kuungama."

Baba akaangusha kamba kwa kucheka. Nikachukua mkaa, halafu nyeupe. Mzee akanisimamia. "Shingo! Hiyo si shingo, unamvalisha bibu ya kulia uji kama mtoto." Nikafuta, nikarudia. Nilipomaliza, akamweka kiganjani, akampapasa mgongo.

Kesho yake akarudi. Akanipa Foleni, jike mwekundu aliyezaliwa siku mkewe amekwenda kupanga foleni ya sukari; ana doa jeupe kwenye paja kama mtu amemmwagia unga. Akanipa Machozi, wa kijivu, mistari myeusi chini ya macho. Na mimi nikajikuta naamka namsubiri. Nilikuwa nataka kujua leo anakuja nani.

Nyeupe ilikuwa inakauka na kuweka ngozi kila nikifungua kopo. Mama akanifundisha: mwulize mzee alama zote nyeupe kwanza, paka zote kwa mkao mmoja, funga kopo. Keshokutwa nyeusi. Hivyo hakuna ng'ombe aliyeisha peke yake. Walikuwa wanakua pamoja, na mimi kila jioni naona zizi zima limesogea.

Akabaki ndama mmoja. Nikasema, "Na huyu, babu?"

Akamwokota. "Huyu alikuwa na siku chache. Nilisema nitamwangalia vizuri kesho." Akamrudisha kwenye ungo. "Mwache na udongo wake."

Nikamwacha.

Noeli ilipofika, katekista Petro alipanga pango mbele ya altare ndogo ya mbao. Mzee Maregesi aliingia kanisani na fimbo yake, watu wakageuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele, akapiga magoti, akaanza kuwaita mmoja mmoja kwa jina, kwa kilugha chetu, vile anavyowaitaga wakati wa kukamua. Ndama wa udongo alimsogeza karibu na Mtoto, akainuka. Halafu mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Na wangu mbona hayupo?" Watu wakacheka huku wanafuta macho.

Tunatoka, watu wa kigango cha Manyamanyama wameshanishika mkono wanataka pango lao. Baba akapita, hata hakusimama, akasema tu, "Bugwema watalima wenyewe."

Baadaye ruksa ikaja, biashara ikafunguliwa, maduka ya Iringo kule Musoma yakajaa rangi za kila aina, mpaka nyingine sikujua majina yake. Nikaona vijana wananunua makopo yote na hawamalizi sanamu hata moja. Nikajua shida yangu haikuwa rangi.

Basi mwanangu, nikwambie. Usimalize vitamu vyote mwanzoni, ukajiachia vya kuchosha. Rangi moja, mkao mmoja, vyote visogee. Mkono ukiwa mzito, usijitukane. Kitazame hicho ulichokishika ujiulize ni nani. Kama hujui, tafuta mtu anayejua, akae karibu nawe. Na fanya kidogo hata siku ambayo hutaki. Kidogo hicho ndicho kitakachokuita kesho.

Mungu akupe macho ya kutambua kila kidogo na mkono wa kukifikisha mwisho. Akupe na mtu wa kukuuliza.

Na kama nimemkosea mtu jina, au nimempa ng'ombe alama isiyo yake, watoto wa Maregesi wapo. Waje wanisahihishe, nitawapikia.