Televisheni ya Samaki

Wepukhulu wa mtaa wa Huruma aliuza pikipiki yake akanunua mashine ya kutafutia samaki, na wapangaji wa ploti nzima wakamcheka. Wakaibandika jina, televisheni ya samaki. Yeye akaifunga kwenye boti lake, katika bwawa moja upande wa Kesses. Mashine inatuma sauti chini majini, sauti ikigonga kitu inarudi, na kwenye kioo unaona samaki wamejikusanya wapi. Hapo ndipo alipotupa wavu. Basi waliomcheka wakafyata mkia, maana ngege walijaa ndoo, na Jebet, mama anayekaanga samaki karibu na soko, akawa mnunuzi wake mkubwa. Nanjala, mke wa Wepukhulu, akaanza habari za kuhamia nyumba ya vyumba viwili.

Halafu Dennis akazama. Huyo ni kijana wa Jebet. Jumapili, baada ya kanisa, aliingia bwawani kuogelea na wenzake, hakutoka. Wapiga mbizi walitafuta wakachoka. Jebet akamshika Wepukhulu mkono.

"Baba Wafula, si hiyo kitu yako inaona chini? Niangalizie mtoto wangu."

Angesema nini? Mtu mwenye utu angesema nini? Aliwasha mashine, akazunguka polepole, mpaka kwenye kioo kikatokea kitu kirefu kimelala, hakisogei. Akajua. Wakamtoa hapo hapo. Kwenye mazishi pasta alimsimamisha mbele ya watu, wakampigia makofi.

Makofi! Baada ya hapo hakuna aliyegusa samaki wake. Jebet simlaumu, masikini. Alifunga jiko lake, akabaki kulia tu. Lakini hao wengine? Wanawake waliosukumana kwa ndoo yake sasa walipita wakiangalia kando. Wepukhulu akahamisha boti hadi bwawa la kule Turbo, maji mengine kabisa. Wacera, muuza samaki, akachungulia ndoo, akarudi nyuma.

"Hawa ni wa Turbo, mama. Hakuna mtu amekufa huko."

"Najua. Lakini mashine si ni ileile?"

Hebu sikia huo upuzi! Na simu yake haikukosa kulia: watu wa mabwawa ya mbali wakimwita aje na mashine, mtoto wetu amepotea majini. Alienda. Wenye msiba walimshukuru, na kila aliporudi sokoni watu walizidi kumwogopa.

Jioni moja alimkabidhi Nanjala ngege wawili wanono. Angalau kwake nyumbani wataliwa. Alipotoka kuoga alikuta mezani ugali na sukuma wiki. Watoto walikuwa wanakula.

"Samaki wako wapi?"

"Nimepatia mbwa wa jirani."

"Watoto wamekataa? Nani amewaambia maneno?"

"Watoto hata hawakuwaona," Nanjala akasema, akimsogezea beseni la maji. "Ni mimi nimekataa. Na unawe mikono tena."