Njia ya Pili Ndani ya Jino

Kuna siku moja kule Kaptagat siisahau, mimi bado nachunga ndama. Babu yetu alishikwa na pepopunda, taya ikakaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Nyanya akammiminia maziwa kwa lile pengo la mbele, maana wazee wetu waling'olewa meno mawili ya chini wakiwa wadogo. Babu akapona. Na mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, ya mwaka huo ilikuwa tamu, lakini hayo tuyaache.

Kwa hiyo kwetu, mwanangu, pengo halikuwa aibu. Ndio maana ndugu yangu Kibet alipoumwa na jino la chini la mbele, miaka ile ya chama kimoja, hakuogopa kulipoteza. Niliyeogopa ni mimi. Kibet alipiga tarumbeta kanisani, pale mjini, mtaa unaoitwa West Indies, na hakuwa na furaha nyingine duniani. Mdomo wa tarumbeta huegemea meno.

Nikampeleka kwa daktari wa meno mjini, mama mpole aliyekuwa akikusanya picha za eksrei za meno ya chini, ajue njia za mishipa zinavyopita ndani ya mizizi. Mara ya kwanza alilisafisha hilo jino na kuliziba, lakini uchungu ukarudi, nasi tukarudi kwake.

"Picha ya kwanza nilipiga kutoka mbele, nikaona njia moja," akasema. "Nikisogeza mashine kando kidogo, pengine kuna ya pili imejificha nyuma yake."

"Daktari, jino ni moja! Njia mbili za nini, moja ya Nakuru, moja ya Kisumu?" Kibet akadakia.

"Zote zinafika kwa huo uchungu wako," akasema, akapiga picha ya pili kutoka kando. "Ngoja nioshe picha."

Alipoingia chumba cha giza, Kibet akachukua kofia. "Babu aliishi na pengo. Mimi ni nani?" Akaenda kung'olewa sokoni. Daktari akatoka na picha ikidondoka maji: mistari miwili, myembamba kama nywele. Jino lingepona.

Nitoe nasaha sasa kabla sijapotea tena. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi nilimpa pole. Pengo la babu lilimfaa babu, mwanangu. Wewe uliza kwanza kazi yako inataka nini. Na mtu akikuomba ungoje aangalie kwa upande mwingine, kaa kwenye kiti. Mungu akupe makalio mazito na roho nyepesi.

Na Kibet? Kidonda kilipopona, Jumapili moja akaweka tarumbeta mdomoni. Ikatoa upepo mtupu. Akajaribu tena. Akailaza kwenye benchi polepole, akapita katikati ya waimbaji, akatoka nje. Hakurudi.