Kijiti cha Josho

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mifugo wa Wilaya alinikabidhi kijiti kirefu chenye alama za kisu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa nimetoka sekondari na shati jeupe. Kazi ilikuwa ya josho, ile birika ndefu ya saruji iliyochimbwa ardhini, ambamo ng'ombe huogelea katika maji ya dawa ili kupe wafe. Kijiti kilipima kina cha maji. Yakipungua huongezwa, na dawa huongezwa kwa kipimo chake. Dawa ikiwa hafifu kupe hawafi, ikiwa kali ng'ombe huungua ngozi.

"Hiki usimwachie mtu," akaniambia.

Nililishika neno hilo kama aya.

Nilianzia upande wa Lunga Lunga, kisha nikahamishiwa nyika ya Kinango, ambako wafugaji walileta mifugo kila Jumanne na Ijumaa. Nyumba ya serikali ilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha kulala, kingine afisi, yaani meza, daftari la kuhesabia ng'ombe na kiti kimoja. Huko ndiko Mwanasha, mke wangu kutoka Tiwi, alikojifungua binti yetu Riziki.

Mama yake Mwanasha alikuja kumwuguza mpaka arobaini itimie. Kwetu mama mkwe halali chumba kimoja na mkwewe. Hata kupishana mlangoni ni haya. Usiku wa kwanza akalala jikoni, penye moshi.

Bwana Mifugo alipopita kukagua, aliona mkeka jikoni akaelewa bila kuambiwa.

"Toa meza hiyo uiweke pale kwenye banda la josho," akasema. "Mama apate chumba. Na siku za Ijumaa mwachie Nzaka, wewe ukae na mzazi." Nzaka alikuwa msaidizi wangu, mtu mzima kuliko mimi, na kijiti alikijua vizuri.

Mkubwa wangu mwenyewe ananifungulia mlango, nami naufunga. Hata leo nikikumbuka najikasirikia.

"Bwana, wewe ndiye uliyesema nisimwachie mtu."

"Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa hujui kazi. Sasa unaijua, na Nzaka anaijua. Nini tena?"

"Afisi ya serikali si mahali pa kulaza wanawake," nikajibu, kwa sauti ya kutaka nisifiwe.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya ukuta akichambua mchicha. Alisikia yote. Alasiri alijifunga leso, akamwambia bintiye, "Mwanangu, nitakungojea nyumbani," akaondoka.

Mwanasha alibaki na kichanga cha siku tisa. Maji ya kunywa aliyafuata bwawani, na kuni alizikata mwenyewe. "Niletee hata ndoo moja kabla hujaenda," aliniomba. Nami nilikuwa na haraka ya kuwahi ng'ombe.

Ijumaa ya pili kaka yake alikuja. Alinikuta kwenye josho, nimeshika kijiti, ng'ombe wamejipanga foleni.

"Shikamoo, shemeji. Sikuja kugombana. Nimekuja kumchukua dada yangu, amechoka."

"Marahaba. Ngoja nimalize ng'ombe."

"Wamebaki wangapi?"

"Wengi."

Nzaka akaninyooshea mkono. "Lete kijiti, bwana. Nenda nyumbani."

Sikumpa. Niliporudi alasiri nilikuta kitanda kimetandikwa na kichanga hakipo. Nilikwenda Tiwi mara tatu kuomba radhi. Mwanasha alinipa chai, hakunipa jibu nililolitaka. Riziki alilelewa huko, kwa wajomba zake.

Nzaka alirithi nafasi yangu nilipohamishwa. Wiki ile ile alitoa meza afisini, mama mkwe wake akakaa humo miezi. Josho halikuharibika, wala hakuna ng'ombe aliyeungua. Vijana wanaponiambia, "Mzee, nyinyi mlikuwa wachapa kazi," huniudhi. Kazi ilitaka mtu wa kushika kijiti. Haikutaka awe mimi kila siku.

Nilipostaafu, Riziki alikuwa akifanya kazi hotelini Diani. Alipojifungua, msimamizi wake alimpangia zamu za asubuhi tu, na Mwanasha akahamia kwake. Nilikwenda kuwatazama. Nikawekewa kiti barazani, kiti cha mgeni.

Mwanasha akatoka. "Bwana Josho, leo si Ijumaa? Ng'ombe umewaachia nani?"

"Nimestaafu."

Aliingia ndani, akarudi na ndoo ya nepi, akaniwekea mbele. "Basi anza na hizi. Kipimo cha sabuni nitakuonyesha."

Nilizifua zote, nikazisuuza, nikazianika. Nilipogeuka, alikuwa ameshaleta ndoo ya pili.