Vidonge Vitano

Kazi yangu katika utafiti wa dawa za virusi vya UKIMWI, kwenye kliniki moja ya Columbia Heights, huku ughaibuni, ilikuwa kuhesabu vidonge. Kila mshiriki alipewa chupa ya vidonge thelathini na vitano, akarudi baada ya siku thelathini. Aliyemeza kila siku alibakiza vitano. Nilivimwaga kwenye sinia ya plastiki, nikavihesabu mbele yake na kuandika.

Kwa kawaida watu hawabakizi vitano. Hubakiza sita, vinane. Wengine hurudi na chupa nzito na sura ya kuomba radhi. Lakini Mkenya mwenzangu mmoja, mhudumu wa wazee aliyeishi Riverdale Park na mdogo wake, alibakiza vitano mwezi baada ya mwezi. Nilimwonea fahari kana kwamba nimemlea mimi.

Siku nyingine nilikwenda na wenzangu bungeni kuwasihi wasaidizi wa wabunge fedha za matibabu zisipunguzwe. Huko nilimtumia kama mfano, bila jina: mpeni mtu dawa, atameza. Msaidizi mmoja aliipenda hadithi hiyo kwa kuwa ilienea kwenye ukurasa mmoja.

Kisha damu yake ikaonyesha virusi vimepanda. Nilidhani maabara wamekosea, tukarudia kipimo, jibu likawa lile lile. Nilimwita, nikafunga mlango, nikamuuliza anavitupa wapi vidonge, maana wapo wanaovitupa ili wasituudhi.

"Sijatupa hata moja, dada. Mdogo wangu walimpunguzia hours kazini, insurance ya dawa zake ikaenda. Yeye anameza leo, mimi kesho. Ningemeza aje na yeye ananiangalia?"

Nilikasirika, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Mimi na yeye, kila mtu kwao, tumelelewa kwa sahani moja, watoto wanne mikono ndani. Nilipaswa kumuuliza nyumbani kuna nani mwingine anayeumwa. Nilimweleza kwamba dawa hii haigawiki kama ugali, kwamba ikimezwa nusunusu virusi huizoea. Akauliza itakuwaje nikiandika hayo. Nikamwambia atatolewa kwenye utafiti. Akauliza, na mdogo wake je? Niliandika hata hivyo, kwa sababu kunyamaza kungewamaliza wote wawili polepole.

Alitolewa. Vipimo vilionyesha dawa ile haimfai tena, daktari akambadilishia. Mdogo wake nilimjazia fomu za mpango wa serikali wa dawa. Zilirudishwa mara mbili, ya tatu zikapita. Nilirudi pia kwa yule msaidizi kusahihisha mfano wangu: dawa alipewa mmoja, wakameza wawili. Alisema hadithi ya kwanza ilikuwa rahisi zaidi kueleza. Nilikubaliana naye.

Mwezi wa kwanza wa dawa zake ulipokaribia kwisha, mdogo mtu alipita kliniki na chupa yake mwenyewe. Hakuwa kwenye utafiti wala hakuna aliyenituma kumhesabia, lakini nilivimwaga kwenye sinia. Vilipaswa kubaki vitatu. Vilibaki vitano. Akaanza kuniomba radhi kwa siku mbili alizosahau. Nilimwambia asirudie, kisha nikavihesabu tena polepole, vitano vya mtu mmoja, kwa furaha ambayo sikuweza kumweleza.