Fedha za Jukwaa Tu

Mwalimu wa michezo, ambaye shule nzima ilimwita Filimbi kwa sauti yake ya kutoboa masikio, hasira zilikuwa zimemfika kooni. Miaka kumi na moja amefundisha wasichana netiboli kwenye kiwanja cha vumbi, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wameingia fainali ya mkoa. Fainali ni Jumamosi saa nne asubuhi, mji wa mbali, na basi la kuwapeleka hakuna!

"Mkuu, fungu la usafiri wa timu limekwenda wapi?"

"Nimelihamishia maabara," mkuu wa shule akajibu bila kuinua macho. "Michezo mwaka huu mmepata mfadhili, Mwalimu. Mnataka nini tena?"

Mfadhili! Mwanafunzi wa zamani huyo, aliyetajirika kwa biashara ya saruji, alitoa fedha za kujenga jukwaa la watazamaji, lenye paa na viti vya plastiki. Barua yake ilisema wazi: za jukwaa tu, zisiguswe kwa kazi nyingine. Filimbi akajikaza, akampigia simu.

"Kaka yangu, ujenzi umeisha na kuna chenji imebaki. Turuhusu tukodi basi, wanangu wakacheze."

"Dada, hiyo iliyobaki ni ya rangi," jamaa akasema kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Safari ikiisha imeisha. Jukwaa watu wataliona miaka na miaka."

Filimbi akajifungia stoo ya mipira, akalia kwa uchungu. Kisha akafuta machozi, akahangaika kwa wazazi, kwa mwenye lori la mchanga, hata kwa shemeji yake asiyempenda. Wapi!

Jumamosi ilipofika, mfadhili naye akawa na nafasi ya kuja kuzindua jukwaa lake. Wasichana wakaamriwa wavae jezi, wajaze viti, na wapige makofi kila mzungumzaji akimaliza. Saa nne na nusu, mfadhili akamkabidhi Filimbi kipaza sauti.

"Tuambie, dada, timu yetu inacheza lini tuje kuishangilia?"

"Timu ndiyo hii imekaa hapa," Filimbi akasema. "Fainali yao ilikuwa leo, nusu saa iliyopita. Wenzetu wamepewa kombe kwa sababu sisi hatukutokea."

Akarudisha kipaza sauti. Alikuwa amemaliza kuzungumza, kwa hiyo wageni wote wakapiga makofi.