Bao la Nyuma ya Kochi

Kama umewahi kukalia kochi likakuchoma springi, ukaruka na kusema "yallah", basi wewe ni mteja wa Fundi hata kama hujamjua. Miaka ishirini na sita alikuwa akiyavua makochi ya watu, akiyatia sponji mpya na kuyarudishia heshima yake. Mtu mpole, hana ugomvi na inzi. Ila alikuwa na donda moja moyoni: timu yake, Radi, ilikuwa haijawafunga mahasimu wao, Nyuki, kwa miaka saba, na wenzake wa tawi la mashabiki walikuwa wameshampata mwenye makosa. Ni yeye.

Tusiseme walimwonea, ushahidi ulikuwepo. Kila Fundi akihudhuria, Radi inalala. Mwaka mmoja alitoka kwenda msalani, Radi wakasawazisha. Akarudi mbio anafunga mkanda, Nyuki wakachomeka bao la pili kabla hajaketi. Mwenyekiti wa tawi, muuza nyama mwenye sauti ya kuita watu mtaa wa tatu, akaitisha kikao.

"Ndugu yetu, tunakupenda," alisema, "lakini una nuksi."

Kura zikapigwa, na Fundi mwenyewe akanyoosha mkono kuunga hoja. Kipenda roho hula nyama mbichi. Tangu hapo ikawa marufuku kwake kuona au kusikia mechi ya Radi na Nyuki. Kiti chake cha mstari wa mbele, alichokitengeneza kwa mikono yake na kukivika kitambaa cha buluu, kikageuzwa kikatazama ukuta.

Ikapita miaka miwili. Radi waliendelea kufungwa vilevile, na Mwenyekiti alipoulizwa alijibu kwamba lazima Fundi alichungulia dirishani kwa jirani. Maskini hakuwa amechungulia popote. Siku za mechi alijifungia chumbani, akajiziba masikio kwa vipande vya sponji, na mkewe akawa anamwita chakula kwa kumgusa bega. Hakuota kombe wala ubingwa. Aliota kiti chake kimegeuzwa tena kikatazama mbele.

Basi Jumamosi moja ya mechi, saa nane mchana, mama mkwe akapiga simu.

"Mkwe, kochi limenichoma tena. Njoo leo."

Mama mkwe alikuwa muuguzi mstaafu, na ni Nyuki wa damu tangu usichana. Lakini Fundi alijua kwamba televisheni yake ilikufa mwezi uliopita. Akaona pa kujificha pazuri kuliko hapo hapapo. Akabeba nyundo, akaenda.

Alimwamkia, akalivuta kochi katikati ya sebule, akalibandua kitambaa na sponji ya mgongoni, akapiga magoti nyuma yake. Mafundi wa makochi wana mtindo wao: misumari midogo huwekwa mdomoni na kutolewa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, maana mkono mmoja unavuta kitambaa na mwingine umeshika nyundo. Fundi akajaza minane. Ndipo akasikia sauti ya mtangazaji akitaja vikosi.

Televisheni ilikuwa imefufuka. Mama mkwe ameketi kwenye stuli, kitambaa cha Nyuki shingoni, rimoti mkononi.

"Mmm! Mmmm!" Fundi akasimama, akaonyesha mlango.

"Unakwenda wapi, na kochi langu uchi? Hebu kaa umalize."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mkwe ni mkwe. Fundi akachutama tena, akafumba macho. Lakini nyundo haipigwi kwa macho yaliyofumbwa, na kidole gumba kilimkumbusha hivyo mara moja. Akayafumbua. Na kochi lisilo na mgongo ni fremu tupu, sawasawa na dirisha. Mbele ya dirisha hilo uwanja wote ulikuwa wazi, majani mpaka mstari wa goli.

Akaangalia. Kwa hofu kwanza, kama mtu anayeiba, kisha akasahau hata kuogopa, na kazi pia. Dakika ya themanini na tatu, sifuri kwa sifuri, Fundi akivuta pindo la kitambaa apigilie msumari wa kwanza huku macho yako kwingine, winga wa Radi akawavuka mabeki wawili akaachia mpira wa chini kwa chini. Kipa akaenda kushoto. Mpira ukaenda kulia.

Fundi akapiga nyundo kwa nguvu zake zote na kutaka kuruka. Hakuruka. Alitaka kupiga kelele, mdomo umejaa misumari. Furaha ya miaka tisa ilitafuta pa kutokea, ikakuta kumefungwa, ikatokea machoni. Alilia pale nyuma ya kochi bila sauti, mtu mzima na ndevu zake.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, mama mkwe alivua kitambaa chake, akakikunja vizuri.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema. "Haya, tema hiyo misumari ushangilie, mwanangu, usije ukanifia hapa kwa furaha."

Fundi akatema, akahesabu. Saba.

"Mama! Ilikuwa minane!"

Uuguzi haustaafu. Mama mkwe alimshika taya, akamfungua mdomo, akamulika mpaka kooni. Halafu macho yake yakashuka kwenye mkono wa shati, akaangua kicheko. Ule msumari wa nane ulikuwa umeingia mpaka kichwani, ukiwa umelipigilia shati la Fundi kwenye kochi. Alicheka mpaka akajibwaga kwenye kochi lenyewe, springi ikampokea, akainuka bado anacheka.

Fundi alifika tawini mbio, mkono wa shati umechanika. Ameona! Ameona mechi nzima na Radi wameshinda! Nuksi iko wapi? Lakini kabla hajafungua mdomo, watu walimwinua juu juu.

"Shujaa wetu! Asante kwa kutokuja!"

Mwenyekiti alikuwa analia waziwazi. "Leo umetulia kwelikweli, ndugu yangu. Tumeshinda kwa sababu yako. Tumeazimia: hutakuja tena maisha yako yote, na kiti chako tutakitundika ukutani kama kumbukumbu."

Tayari mtu alikuwa juu ya ngazi na msumari. Fundi alikitazama kiti kile cha buluu kikipandishwa, na upole wake wote ukamwisha.

"Teremsha kiti!" alipaza sauti. "Nimeiona mechi yote!"

Akasimulia kila kitu: kwa mama mkwe, nyuma ya kochi, misumari minane, shati kupigiliwa. Mwenyekiti alisikiliza huku anasugua kidevu, akawavuta wazee wa tawi pembeni. Walinong'ona muda mrefu. Fundi alisubiri chini ya ngazi, macho kwenye kiti.

"Tumeelewa," Mwenyekiti alitangaza aliporudi. "Tulikosea. Dawa haikuwa wewe kutokuwepo. Dawa ni kochi."

Kwa hiyo, Radi na Nyuki walipokutana tena, vijana sita wa tawi walilibeba kochi la mama mkwe barabarani mchana kweupe, wakaliweka katikati ya ukumbi na kulibandua mgongo. Fundi alipiga magoti nyuma yake, misumari minane mdomoni, mkono wa shati umepigiliwa kwa idhini ya kikao. Kiti cha buluu kiligeuzwa kikatazama mbele, kikafutwa vumbi. Mama mkwe ndiye aliyekikalia, kwa kuwa dawa haikamiliki bila yeye, na kitambaa chake cha Nyuki alikataa katakata kukivua.

Mechi ilipokaribia kuanza aligeuka nyuma.

"Mkwe, unaona vizuri huko?"

Kulia kwa Fundi walikuwa wamechutama wenzake wa mstari wa mbele, na kushoto Mwenyekiti, aliyekwisha kumshika bega kwa wasiwasi. Zaidi ya miaka miwili alikuwa hajakaa nao.

"Mmm," akajibu Fundi, machozi yameshaanza kumtoka kabla hata mpira haujaguswa.