Miezi Sita Niliyomnyima Rukia

Mkosa ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nimewasingizia wengine, mara hospitali, mara vita, mara Rukia mwenyewe. Leo nakwambia wewe usiyenijua, maana wanaonijua wameshachoka nami.

Nilikuwa mkubwa wa chama cha wanawake hapa mtaa wa Kuze. Chama chetu kilikuwa cha lelemama, ngoma yetu ya kina mama, lakini tulisaidiana pia katika harusi na matanga. Vita vile vya dunia vilipokwisha tukakubaliana kumsomesha msichana mmoja ukunga, ili tuzalishwe na mwenzetu, tusivuliwe nguo mbele ya daktari mwanamume. Tukamchagua Rukia, yatima aliyelelewa na nyanyake mlango wa tatu kutoka kwangu. Hospitali ilimfundisha, nasi tukamlipia chakula, malazi na nguo kwa mwaka mmoja na nusu.

Alipokaribia kumaliza, alinijia mchana mmoja na barua. Akanibusu mkono, akaketi ukingoni mwa mkeka.

"Mama, masomo yameongezwa miezi sita," akasema. "Asoimaliza hapati cheti. Wauliza kama chama kitanilipia mpaka mwisho."

"Nimekusikia. Ntawauliza wenzangu."

Sikumwuliza hiyo miezi ni ya kusomea nini. Mimi nilizaa watano bila cheti cha mtu, nikaona hayo ni madoido ya hospitali tu.

Tena, nikwambie ukweli, moyo wangu ulikuwa kwingine. Mwaka uliotangulia wanawake wa mtaa wa Bondeni walitushinda kwenye mashindano ya ngoma. Walitoka na sare mpya wote, tarumbeta mbele, wakaja kutuimbia mpaka mitaani mwetu. Mimi waliniimba kwa jina. Kama hujawahi kuimbwa huku watu wanacheka, huwezi kujua uchungu wake. Niliapa kwamba zamu yetu ikifika watajuta. Nguo bado zilikuwa adimu siku zile, na mwenye duka mmoja, Mhindi tuliyezoeana naye, alikuwa ameniwekea majora ya atlasi, kitambaa cha kung'aa cha kushonea sare zetu, chini ya meza. Akanipa siku tatu nichukue au nikose.

Mfuko wa chama ulikuwa mmoja. Haukutosha atlasi na Rukia.

Kwenye mkutano niliwaambia wenzangu kwamba Rukia amemaliza masomo, anarudi. Vigelegele vikapigwa. Hapo hapo nikaileta habari ya atlasi, ikapita bila kipingamizi. Barua hakuna aliyeiulizia, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ipo. Kesho yake nikamwambia Rukia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba chama kimekataa.

"Wote, Mama?"

"Wote."

"Basi nifanyeye?" akasema, akaikunja barua yake. Hakulia mbele yangu.

Tuliwashinda Bondeni mwaka huo, tena vibaya. Nilicheka mpaka sauti ikanikauka. Rukia naye alirudi nyumbani bila cheti, akaanza kuzalisha watu mtaani, na watoto wanne wa kwanza wakatoka salama. Nikajiambia, si unaona, alikosa nini? Mungu anisamehe.

Kisha ikafika zamu ya Zuena, binti yangu mkubwa, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika asubuhi. Wanawake wa chama wakaja kukaa naye kama ilivyo desturi, wengine ukumbini, sisi watatu chumbani na Rukia. Adhuhuri ikaadhiniwa, mtoto bado. Rukia akamwangalia tena, akainuka.

"Mtoto yuatanguliza miguu," akasema. "Apelekwe hospitali sasa hivi."

"Hospitali ya nini na wewe upo? Mzalishe."

"Siwezi, Mama. Hilo sikufunzwa. Hilo ndilo la ile miezi sita mlonikatalia."

Bi Mwanasha, rafiki yangu wa tangu utoto, alikuwa amemshika Zuena mabega. Akainua kichwa.

"Twalikukatalia nini sisi?"

"Barua ya masomo. Mama aliniambia mwalikataa nyote."

"Barua gani?"

Wakaniangalia. Zuena pia, katikati ya maumivu yake, aligeuza shingo akaniangalia. Bi Mwanasha hakungoja jibu. Alitoka mbio kumwambia mkwe wangu atafute motokaa, na motokaa ilichelewa kupatikana.

Daktari alikuwa mwanamume. Alimwokoa binti yangu. Mtoto alitoka amekufa, wa kiume, hana kasoro hata ya ukucha. Niliosha mikono yangu mara nyingi siku ile, sijui kwa nini, na wala si mimi niliyemshika mtoto.

Chama kilinitoa. Sikulalamika. Wanawake walichanga wao wenyewe, wakaenda hospitali kumwombea Rukia arudishwe amalize ile miezi, akakubaliwa. Nilipeleka vikuku vyangu vya fedha viingie kwenye mchango. Vilirudishwa mlangoni kwangu bila salamu.

Wewe uliyekabidhiwa mfuko wa watu, siku ukiletewa barua ya mwanafunzi anayeomba aongezewe muda, isome mbele ya wenye mfuko. Isome hata kama unajua watakubali. Mimi niliificha kwa sababu nilijua wangekubali, na hilo ndilo linalonitafuna.

Sasa Zuena ana mimba tena, ya miezi saba. Rukia amepata cheti chake, na ndiye atakayemzalisha. Juzi mkwe wangu alikuja, akaketi, akanywa maji, akaniambia kwa adabu zote kwamba mke wake anaomba siku hiyo mimi nisiende. Nikae kwangu, nitaletewa habari.